Kipande Cheupe

Mwanamke wa maabara, pale wachumba wanapopimwa kabla ya ndoa, hakuniita kwa sauti. Alininyooshea kidole kupitia dirisha lake, akakikunja. Mimi peke yangu. Bahador akabaki kwenye benchi la korido, koti lake jipya limekunjwa magotini, akinifuata kwa macho.

"Dada, wewe ndiye bibi harusi?"

"Ni mimi. Miaka thelathini na saba, sina presha, sema tu."

"Damu zenu hazina tatizo." Akasogeza karatasi, kisha akaiwekea kiganja juu, kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue. "Ila mkojo wa bwana umeonyesha afyuni."

Sikulia. Mwanamke aliyewahi kuolewa na Mansur halii kwenye korido. Mansur, baba wa binti yangu Tarane, aliuza friji yetu nyama ikiwa bado ndani. Nilirudi kutoka kazini nikakuta sakafu safi pale ilipokuwa, na yeye amekaa pembeni ananiambia mafundi wameichukua kuitengeneza.

"Yaweza kuwa kosa?" nikauliza.

"Rudini baada ya siku kumi, tutapima tena kabla hamjafunga ndoa. Lakini dada'angu, nimekaa kwenye dirisha hili miaka kumi na moja. Wote wanasema walikunywa dawa ya kifua."

Nikakunja karatasi, nikaitia mkobani. Bahador alikuwa amesimama. Alinitazama usoni, na hakuuliza majibu.

Hilo ndilo lililonichoma. Mtu asiyejua angeuliza.

Akatoa funguo zake mfukoni, akaanza kuzizungusha kidoleni kama afanyavyo akiwa na wasiwasi. Ndipo nikakiona. Katika kundi lake la watu walioacha dawa za kulevya, kila mmoja hutembea na kipande cha plastiki kwenye funguo, na rangi yake inasema amekaa muda gani bila kutumia. Cha Bahador kilikuwa cheusi, cha miaka miwili na kuendelea. Nakijua. Nimekichezea vidoleni mwangu jioni nyingi, tukiwa tumeegesha gari mbele ya nyumba ya mama, tunaongea mpaka mama anapiga dirisha kwa pete yake.

Kipande kilichokuwa kwenye funguo zake asubuhi ile kilikuwa cheupe. Cheupe ni cha siku ya kwanza.

"Twende garini," nikasema.

Mimi ni mwalimu wa udereva wa wanawake. Gari langu lina breki ya pili upande wa abiria, na huko ndiko Bahador alikokaa, magoti yamegusa dashibodi. Niliendesha mpaka tukavuka mzunguko wa pili. Mikono yake ilinukia majani yaliyolowa. Ni fundi wa vipoza hewa, na majira ya kuchipua yote mji wetu mzima wa Kerman humwita apande juu ya mapaa kubadilisha majani makavu yanayoloweshwa maji ndani ya mashine ili yapoze hewa, kabla joto halijaanza. Vumbi lake lilikuwa limemkalia kifuani wiki mbili. Hata sasa alikohoa, akageuzia uso dirishani ili asinikoholee. Nilichukia kwamba bado napenda adabu zake.

"Nani alikupa?"

"Mahin, egesha pale tunywe chai kwanza."

"Sinywi chai na mtu aliyeshindwa kipimo. Nani alikupa?"

"Sikununua."

"Sikuuliza kama ulinunua. Mansur naye hakununua hata siku moja. Alikuwa anapewa tu na marafiki wema."

Kisha akasema taratibu, akitazama barabara, "Nilikunywa. Mara moja, Ijumaa. Jumamosi nikaenda bustanini, kundi letu linakokutana, nikasimama mbele ya wote nikasema. Nikarudisha cheusi."

"Mbele ya wote."

"Ndiyo."

"Isipokuwa mimi."

"Isipokuwa wewe."

"Na leo ukavaa koti jipya ukaja kukojoa kwenye kikopo, unajua kabisa kitakachotoka?"

"Ningekuambia tuahirishe, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri unatumia."

"Basi ndiyo maana nimekuja."

Jibu lilikuwa zuri mno, nami nimejifunza kuogopa majibu mazuri. Nikaongeza mwendo. "Niambie alikupa nani, Bahador. Jina tu."

"Siwezi."

"Kuna mwanamke?"

Alichelewa kujibu. Sekunde moja, labda mbili. Nimefundisha watu mia nne kuendesha, najua sekunde moja ina urefu gani.

"Si kama unavyofikiri," akasema.

Sikuiona pikipiki iliyokata mbele yetu. Yeye aliiona. Gari likasimama kwa kishindo, mkanda ukanibana kifua, na mguu wake ulikuwa juu ya breki ya pili.

"Usikanyage breki yangu!"

"Ungemgonga mtu!"

"Ni gari langu na breki ni yangu! Shuka!"

"Mahin..."

"Nina binti wa miaka tisa ambaye ameshaanza kukuchora kwenye picha za familia. Shuka kabla sijasema neno ambalo sitaweza kulirudisha."

Akashuka. Hakubamiza mlango. Aliufunga kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akabaki amesimama kando ya barabara na koti lake mkononi. Nilimtazama kwenye kioo mpaka kona ikamla.

Mwanamke mwingine angekwenda nyumbani kulia. Mimi nilikwenda kwa kinyozi.

Bwana Nosrat ndiye kiongozi wake, yaani mtu ambaye Bahador humpigia simu kila jioni kumweleza siku imekwendaje. Ana saluni ya wanaume nyuma ya soko la shaba, na wanawake hawaingii mle. Niliingia. Mteja aliyekuwa na povu mashavuni akajaribu kujificha ndani ya taulo.

"Bwana Nosrat, Ijumaa Bahador alikunywa nini, na kwa nani?"

Hakushtuka. Aliendelea kupitisha wembe. "Tunayosema pale bustanini, mama, hayatoki pale bustanini. Ningekuwa natoa siri, nani angekuja?"

"Nataka kuolewa na mtu huyu. Nilitaka. Nikikosea safari hii, sikosei peke yangu."

Akafuta wembe kwenye kitambaa. Yule mteja akawa anatutazama mmoja mmoja kwa jicho lililobaki nje ya povu.

"Nitakuambia langu mimi, si lake," akasema mwishowe. "Nilimwambia kama ilikuwa bahati mbaya, haihesabiwi, abaki na cheusi chake. Akakataa. Nimeongoza watu kumi na tisa. Wote hunililia niwarudishie siku zao. Huyu tu ndiye nimemlilia mimi azichukue, akazitupa. Miaka mitatu na miezi minane."

"Bahati mbaya gani?"

"Mama, Ijumaa mchana mlikuwa wapi?"

Ijumaa mchana tulikuwa kwa mama.

Lilikuwa jambo la kupanga siku ya ndoa. Kaka zangu wawili walikuwepo. Mama yangu, Bi Tuba, alikuwa amekubali posa ile kwa shingo upande baada ya miezi saba ya kumwita Bahador "huyo". Huyo amekuja. Huyo amesahau kofia yake. Chai ya Bahador mama hakuipeleka hata siku moja. Aliimimina, akaiweka kwenye sinia, akamwambia Tarane, "Mpelekee huyo." Na kila alipoondoka, mama alihesabu vijiko mbele yangu bila kuona haya.

Ijumaa ile Bahador alikohoa tangu mchele mpaka matunda. Na katikati ya maneno ya kaka yangu mkubwa mama akainuka, akaingia jikoni, akakaa humo muda, akatoka na glasi ya kitu cha rangi ya kahawia, cha moto. Akaivusha zulia zima mwenyewe. Akamwinamia.

"Kunywa yote. Kifua kitafunguka."

Nakumbuka nilivyofurahi. Nilifikiri, hatimaye.

Sasa nilisimama kwenye saluni ya wanaume, na furaha ile ikageuka kuwa kitu kingine kabisa. Mama hakumtaka. Mama alijua siku ya kipimo. Mama alichagua siku mbili kabla.

Nilimkuta jikoni ameketi chini, rundo la majani mabichi mbele yake, anachambua.

"Kipimo kimetokaje?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kina afyuni."

Akapiga goti kwa kiganja. "Sikukuambia? Sikukuambia siku ya kwanza? Macho yake yale yaliyolegea! Nikasema huyo ni Mansur aliyenyolewa vizuri, ukaniambia, Mama, huna imani na watu. Haya, imani iko wapi sasa?"

"Mama, Ijumaa ulimpa nini?"

"Nilimpa nani?"

"Bahador. Kwenye glasi."

"Dawa ya kifua. Alikuwa anakohoa kama trekta."

"Imetengenezwa kwa nini?"

"Zaatari. Sukari ya mawe."

"Na nini tena?"

"Na vile vichwa." Akaokota jani la njano, akalitupa. "Vile anavyoniletea mjomba wako kutoka shamba. Umekua navyo wewe. Ulipokuwa unaota meno ulikuwa hulali bila hivyo."

Nilifungua kabati. Nyuma ya gunia la mchele kulikuwa na chupa kubwa ya kioo, na ndani yake vichwa vikavu vya maua ya mpopi, vidogo kama ngumi ya mtoto mchanga, kila kimoja na taji lake. Nilikuwa nimeiona chupa ile maisha yangu yote kama mtu anavyoiona chumvi.

"Mama, hii ni afyuni."

"Astaghfirullah! Afyuni ni ile nyeusi, wanayovuta wanaume wasio na kazi! Hii ni dawa."

"Ile nyeusi inatoka ndani ya hivi vichwa, Mama. Hakuna mahali pengine inapotoka."

Mikono yake ikasimama juu ya majani.

Nikauliza lile nililokuja nalo. "Ulifanya makusudi?"

Akaniangalia. Mama yangu ana macho makali, lakini safari hii hayakunikata. Yalikuwa yameumia.

"Kama ningetaka kumfukuza, Mahin, ningemfukuza kwa mdomo. Mdomo wangu una kasoro gani? Nilimwonea huruma. Mara moja katika miezi saba nimemwonea huruma, na tazama sasa."

Nilimwamini. Halafu nikaitazama tena ile chupa mkononi mwangu.

"Mwaka mpya ilikuwa imejaa. Haijapita miezi miwili. Mbona imefika katikati?"

"Magoti," akasema.

"Magoti vipi?"

"Glasi moja usiku. Kwa ajili ya magoti."

"Kila usiku?"

"Nisipokunywa silali. Mwaka juzi mjomba wako alichelewa kuleta, niliona kifo. Miguu inaruka yenyewe, pua inatiririka, mwili wote unauma kama nimepigwa. Uzee, mwanangu."

Nikakaa chini sakafuni, palepale, nimeikumbatia chupa. Miguu kuruka. Pua kutiririka. Orodha ile niliijua kwa moyo, niliisoma kwenye mwili wa Mansur kila alipoishiwa.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu alipokufa baba yako."

Miaka kumi na miwili. Na vijiko vilihesabiwa kwa ajili ya Bahador.

Nilimpigia simu. Alifika kwa muda mfupi kiasi kwamba nilijua hakuwa mbali, pengine kona ya barabara. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, viatu ameviacha nje, akaona chupa, akaniona mimi sakafuni, akaelewa yote. Uso wake ukawaka haya, kana kwamba yeye ndiye aliyefumwa.

"Mimi sikumwambia, Bi Tuba," akasema haraka.

"Najua hukumwambia!" Mama alifoka. "Ndilo ninalouliza! Kwa nini hukufungua mdomo? Unaacha binti yangu akufikirie mabaya, unaacha mimi nifurahi!"

"Ningesema nini? Hata mkwe sijawa, nianze kwa kumshitaki mama? Miezi saba, Bi Tuba, chai yangu ilikuja kwa mkono wa Tarane. Siku ile ulileta kwa mkono wako."

Mama akafunga mdomo. Ni mara chache sana nimeona hilo.

Mimi sikuwa nimemaliza. "Ulijua unakunywa nini?"

Hapa ndipo angeweza kuniponyoka. Angesema hapana, na ningemkubalia, na mama angemkubalia, na Bwana Nosrat alikuwa amekwisha kumkubalia.

"Nusu ya kwanza sikujua," Bahador akasema. Alikuwa ananitazama mimi tu. "Nusu ya pili nilijua. Ladha ile haisahauliki. Nikamaliza glasi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mama alikuwa ananitazama na hakuwa amekunja uso." Akavuta pumzi. "Na kwa sababu niliitaka. Yote mawili, Mahin. Ningekuambia moja tu ningekuwa nakudanganya. Ndiyo maana nilirudisha cheusi."

Mansur siku zote alikuwa na sababu moja, na ilikuwa nzuri. Huyu alikuwa amenipa mbili, na ya pili ilikuwa mbaya. Nilihisi kitu kikilegea mahali fulani chini ya mbavu, mahali ambapo pamekazwa kwa miaka.

Lakini mimi si mtu wa kulegea bila masharti.

"Ndoa inasogezwa siku sitini," nikasema. "Kipimo kile cha siku kumi, na kingine siku ya sitini, nikiwa nimesimama nje ya mlango. Jioni usipompigia Bwana Nosrat, unanipigia mimi. Na siku nyingine ukinificha jambo ili kumlinda mtu wa kwetu, ndoa haipo. Watu wa kwetu nitawalinda mimi."

"Sitini ni nyingi," akasema, na macho yake yakaanza kucheka.

"Hesabu moja moja."

"Na nikikukumbuka katikati?"

"Utanikumbuka. Sijakukataza."

"Mimi nipo hapa jamani," mama akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, akamwuliza yeye, si mimi: "Na ile chupa? Nikiimwaga leo?"

Bahador akachuchumaa mbele yake, upande wa pili wa majani. "Usiimwage leo, Bi Tuba. Ukikata ghafla kwa umri wako utaumia. Kuna daktari anatusaidia, anapunguza kidogo kidogo. Nitakupeleka kesho."

"Mimi si kama nyinyi."

"Hapana," akajibu kwa upole. "Na mimi siku ya kwanza niliwaambia hivyohivyo."

Ijumaa iliyofuata mama alikwenda bustanini. Alisema anakwenda kupunga hewa. Alisema hivyo akiwa amebeba chupa ya chai, glasi sita, na biskuti za tende za kutosha harusi. Watu wa kundi walikuwa wameketi kwa duara kando ya bwawa, wanaume kwa wanawake, kiasi cha arobaini. Mama aliweka kiti chake hatua mbili nje ya duara, akajifunika baibui mpaka puani, akawachunguza mmoja mmoja.

"Yule si mwalimu wa hesabu wa kaka yako?" akaninong'oneza.

"Mama, hayatoki hapa."

"Mimi namwambia nani? Nauliza tu."

Bwana Nosrat akasimama, akauliza kama yupo mgeni, mtu ambaye leo ni siku yake ya kwanza kuwa nao. Hakututazama. Alitazama maji.

Mkono wa mama ukatoka ndani ya baibui. Ukapanda mpaka usawa wa sikio.

"Najikuna," akaninong'oneza kwa ukali.

Lakini haukushuka.

Walimpigia makofi kama walivyompigia kila mtu. Bwana Nosrat akamletea kipande cheupe. Mama alikigeuza, akakibonyeza kwa ukucha, akakiangalia kwenye jua kama mtu anayepima dhahabu ya mchuuzi asiyemjua.

"Plastiki," akasema. Akakifunga kwenye ufunguo wa nyumba. Halafu akamgeukia Bahador. "Wewe umefika siku ngapi?"

"Saba."

"Na mimi?"

"Bado, Bi Tuba. Hesabu yako itaanza daktari atakapomaliza kukupunguzia."

"Kwa hiyo umenitangulia." Haikumpendeza hata kidogo.

Akamimina chai. Glasi ya kwanza. Akainuka, magoti yakilia, akavuka zile hatua mbili akaingia ndani ya duara, akamnyooshea Bahador yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Bahador akaipokea kwa mikono miwili. Akaipeleka mdomoni, akasita. Kisha, mbele ya mama, mbele ya watu wote, akaishusha kidogo na kuinusa.

Kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

"Nusa," mama akasema. "Nusa vizuri. Ningekuwa wewe, na mimi ningenusa."

Akanusa. Akatabasamu. Halafu akanyoosha mkono wake mpaka kwangu, na vidole vyetu vikagusana kwenye kioo cha moto, akaniachia glasi ili na mimi nihakikishe.

Nikanusa. Ilikuwa chai.